Milango ya Fahamu Isiyofanana: Nasaha kwa Wazazi, Walimu na Walezi

Mzazi ambaye mtoto wake huziba masikio mvua ipigapo bati, hulia shati la shule limgusapo shingoni, hukataa kila chakula ila wali mkavu usiomwagiwa mchuzi, au hujitupa juu ya godoro mchana kutwa pasipo kuchoka, aghalabu huwa amekwisha kupewa nasaha nyingi kabla ya kumfikisha kwa mtaalamu wa tiba kazi, yaani tiba ya kumwezesha mtu kuyamudu mambo ya kila siku, na sehemu kubwa ya nasaha hizo ni za fimbo. Wazee humkumbusha kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye; majirani husema mtoto anadeka; na wapo wanaomnong'oneza kuwa kijana ameingiliwa na pepo, na kwamba dawa yake ni kafara na kombe. Mithali ya wazee ni ya kweli mahali pake, lakini hapa haina nafasi, kwa sababu mtoto huyu anakimbia maudhi ambayo sisi hatuyasikii. Rai yangu ni kwamba kabla ya kutaka kumgeuza mtoto tujitahidi kwanza kukigeuza kile kinachomwudhi, na kwamba tiba yoyote itakayofanywa juu ya hisia zake ipimwe kwa mambo ya kila siku: je, amevaa, amekula, amelala, amesoma na amecheza kwa raha zaidi kuliko mwezi uliopita?

Shuleni tulifundishwa kuwa milango ya fahamu ni mitano. Wataalamu wa tiba kazi huongeza mitatu: ule wa sikio la ndani, ambao humjulisha mtu kama amesimama wima au anaanguka, ule wa misuli na viungo, ambao humwezesha kupeleka tonge kinywani gizani bila kukikosa kinywa, na ule wa ndani ya mwili, utoao habari za njaa, kiu, joto na haja ndogo. Katika milango hiyo yote habari huingia kwa wingi usiohesabika, na ubongo wa watu wengi huwa na bawabu hodari azirudishaye zisizo na faida, hata mtu akasahau kuwa amevaa saa mkononi au kuwa feni inavuma juu ya kichwa chake. Kwa wengi wenye usonji, na kwa baadhi ya wale wasioweza kutulia wala kukaza makini, bawabu huyo ama huziruhusu zote kwa pamoja, ama huzizuia hata zile zinazohitajiwa.

Aliyeianzisha elimu hii ya kuoanisha hisia katika tiba kazi ni A. Jean Ayres, mwanamke wa California, Marekani, aliyetoa mwaka 1972 kitabu chake mashuhuri juu ya hisia na taabu za kujifunza. Walakini dalili zenyewe zilikwisha kuandikwa zamani. Leo Kanner, tabibu wa Baltimore, katika makala yake ya mwaka 1943 aliyoeleza ndani yake habari za watoto 11, alitaja waliofadhaishwa na lifti, na mashine ya kufyonza vumbi, na hata upepo. Ilipita miaka 70 ndipo kitabu ambacho matabibu wa akili wa Marekani hukitumia kutambulia hali hizi, katika toleo lake la mwaka 2013, kilipoutaja bayana ukali na uzito wa hisia miongoni mwa alama za usonji. Wazazi walioambiwa katika miaka hiyo kuwa wanalea vibaya hawakurudishiwa insafu yao na mtu yeyote.

Hisia hazikosi kwa njia moja. Wapo ambao kidogo tu huwazidi, na wapo ambao kingi hakiwatoshi. Na Winnie Dunn, naye mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani, alieleza mwaka 1997 kuwa katika kila kundi kati ya hayo mawili wapo wanaotenda jambo ili kujinusuru, kwa kukimbia au kwa kutafuta zaidi, na wapo wanaokaa palepale wakiyapokea yanayowafika. Mtoto anayekimbia kelele hutambulikana upesi, na yule anayeruka juu ya viti hutambulikana upesi zaidi; anayesahauliwa ni huyu wa kimya, aketiye nyuma ya darasa kama aliyesinzia, asiyegeuka aitwapo, asiyejua kuwa pua yake inatoka kamasi, ambaye mwalimu humwandikia "mvivu" katika ripoti na habari yake ikaishia hapo. Tena mtu mmoja aweza kuwa katika makundi mawili kwa wakati mmoja, sikio lake likawa kali ilhali misuli yake ina njaa ya kubanwa na kuvutwa. Kwa hiyo asije mtu akadhani kuwa mtoto apendaye kubamiza milango anajifanya tu anapoziba masikio pikipiki ipitapo. Sauti anayoitoa mwenyewe huitazamia, ilhali ile ya pikipiki humshambulia ghafula.

Kabla ya yote, mwili ukaguliwe hospitali. Anayeshika sikio huenda ana usaha ndani yake. Anayekataa chakula kigumu huenda jino lake limeoza. Anayepiga kichwa ukutani, naye hawezi kusema, huenda hajapata choo kwa siku nyingi na tumbo linamwuma. Na anayekula udongo huenda damu yake imepungukiwa na madini ya chuma. Kuyaita mambo haya taabu ya hisia kabla ya tabibu kuyatazama ni dhuluma, maana mtoto atabembezwa na kukandwa mwaka mzima ilhali sikio linaendelea kuoza.

Akiisha kuonekana kuwa hana maradhi ya namna hiyo, mzazi na anunue daftari. Kila kinapotokea kilio kikubwa au ghadhabu, aandike saa, mahali, nguo iliyovaliwa, sauti na harufu zilizokuwapo, chakula cha mwisho kililiwa lini, nini kilitangulia na nini kilimtuliza. Mathalani, mtoto aliaye kila Jumatatu asubuhi na kupata nafuu kadiri wiki inavyosonga huenda akadhaniwa kuwa haipendi shule, na shangazi zake wakatoa hukumu hiyo kwa yakini. Lakini daftari likaonyesha kuwa shati hufuliwa Jumamosi, likatiwa wanga, likapigwa pasi ikasimama kola yake kama karatasi, na kwamba kufikia Jumatano jasho limekwisha kuilainisha. Dawa ya mtoto wa namna hii ni kuacha wanga, kulifua shati jipya mara kadhaa kabla halijavaliwa, na kumvika ndani yake fulana ya pamba iliyochakaa. Kile kibandiko cha nyuma ya shingo kisikatwe kwa mkasi, kwa kuwa kipande kinachobaki katika mshono huwa kikali kuliko kibandiko chenyewe. Mshono ufumuliwe taratibu kwa ncha ya wembe, kibandiko kitoke chote, kisha ushonwe tena kwa uzi laini. Soksi nazo zigeuzwe nje ndani, ili mshono wa vidoleni usimkwaruze.

Jambo la kunyoa nywele nitalikalia kidogo, kwa sababu ndilo linaloleta aibu kubwa mbele za watu. Yatafakari anayoyapata mtoto wa hisia kali akalishwapo kwenye kiti cha kinyozi: shuka limekazwa shingoni, spiriti inanuka, redio inaimba, wateja wanabishana juu ya mpira, na mashine inavuma juu ya mfupa wa kichwa, mahali ambapo mvumo hauji kwa sikio peke yake bali hupenya katika fuvu, kisha nywele ndogondogo zinamwangukia ndani ya kola, kila moja ikiwasha kama upupu. Watu wazima wawili humshika mikono, wa tatu humshika kichwa, naye hujifunza kuwa wale awapendao wanaweza kumtesa wakicheka.

Afadhali aende asubuhi, kabla wateja hawajaja, na kinyozi aombwe kuzima redio. Siku zilizotangulia, mtoto aishike mashine ikiwa imezimwa, kisha iwashwe mbali naye, kisha iguswe kwenye kiganja chake, kisha begani, na hatua yoyote isifuatwe na nyingine mpaka ameiridhia. Aketi na shati lake mwenyewe la zamani badala ya shuka la kukazwa, na la kubadilisha liwe tayari. Kabla ya kuanza, kiganja kizima kiwekwe juu ya kichwa chake na kukandamiza kwa nguvu ya kadiri, kwani mguso wa wazi na mzito aghalabu huwatuliza watu hawa, ilhali mguso mwepesi wa kupapasa huwashtua. Na kwa sababu hiyo nywele zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, isitumiwe brashi laini ambayo kinyozi hudhani kuwa ni hisani. Aambiwe pande ngapi zitanyolewa na zihesabiwe mbele yake. Wapatane alama ya kusimamisha, kama kuinua mkono, na akiinua, mashine isimame kwelikweli, hata kama umebaki ukingo mmoja tu; maana ahadi ikivunjwa mara moja, mwezi ujao hakuna atakayemwingiza mlangoni. Ikishindikana, mkasi unatosha, na kichwa kilichonyolewa kwa mafungu mawili, nusu leo na nusu kesho, hakijamwua mtu.

Sasa nije kwa wale wenye njaa ya mwendo na ya kubanwa. Katika vyumba vya tiba vya nchi tajiri utakuta pembea za namna namna, mito mikubwa, mashimo yaliyojazwa mipira na ngazi za kamba, na mzazi wa kwetu akiona picha zake huvunjika moyo akadhani kuwa mwanawe amenyimwa dawa. Nami nasema nyumba ya pwani, kama ina ua na jiko, haikosi sehemu kubwa ya vifaa hivyo. Kutwanga kwenye kinu huyapa mabega na mikono kazi nzito yenye mapigo yanayolingana. Kukuna nazi, ikiwa mkwaruzo wa mbuzi haumwudhi, hukaza viwiko na mgongo. Kukanda unga wa chapati, kubeba ndoo iliyojazwa nusu, kusukuma toroli, kukamua nguo nzito zilizofuliwa, kuvuta juya pamoja na wavuvi wakati bahari imetulia, zote hizi ni kazi ambazo mtaalamu angemwagiza mtoto azifanye kwa mipira na kamba za kununua. Zifanywe kabla ya wakati mgumu, si baada yake: robo saa ya kutwanga kabla ya kwenda chuoni kwa maalimu huenda ikafaa kuliko makaripio ya saa nzima akiwa juu ya mkeka. Tena mtoto aliyekamua nguo amesaidia nyumbani, akasifiwa mbele ya ndugu zake, na sifa hiyo hapewi na mtu kwa kurukaruka juu ya mpira.

Pembea ya kamba chini ya mwembe nayo ni njema, mradi tawi lijaribiwe kwanza kwa uzito wa mtu mzima na chini pawe na mchanga. Kwenda mbele na nyuma polepole hutuliza. Kuzungushwa upesi huamsha, na huenda kukamwamsha mtu kupita kiasi. Akipauka, akitoka jasho la baridi au akianza kwenda miayo mfululizo, pembea isimamishwe papo hapo, hata kama anacheka.

Kuna bidhaa moja inayouzwa sana siku hizi ambayo nataka isemwe kwa hadhari, nayo ni blanketi lililotiwa uzito. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2014 juu ya watoto wenye usonji ulionyesha kuwa blanketi hilo halikuwaongezea usingizi, ingawa wao na wazazi wao walilipenda kuliko la kawaida. Na mwaka 2008, katika jimbo la Quebec nchini Canada, mtoto wa miaka 9 mwenye usonji alifariki baada ya kufungiwa shuleni ndani ya blanketi la namna hiyo. Asifunikwe kichwa kamwe, asifungiwe kitu asichoweza kukiondoa mwenyewe, wala asilazwe chini ya godoro kwa dhana kuwa kubanwa ni dawa. Kubanwa kunakofaa ni kule anakokutaka yeye na anakoweza kukuacha.

Juu ya chakula nitasema machache. Mtoto ambaye ulimi wake hauwezi kuvumilia mrenda au bamia hatawahi kuupenda kwa kulazimishwa kuumeza, na kila tonge la nguvu humwondolea vyakula viwili alivyokuwa akivila kwa hiari. Wali na mchuzi vitenganishwe. Kitu kipya kiwekwe kidogo pembeni mwa sahani, asihimizwe kukila, akiguse, akinuse, akiache. Na chakula anachokikubali kisifichwe ndani ya kingine, maana akigundua ataviacha vyote viwili. Akipungua uzito, au orodha ya anavyokula ikibaki vitu vichache sana, hapo apelekwe hospitali bila ya kungoja. Naye ambaye hatambui kuwa kibofu kimejaa apelekwe msalani kwa saa, wala asitahayarishwe.

Mwalimu mwenye wanafunzi themanini katika chumba kimoja ana haki ya kuuliza atamfanyia nini mmoja wao. Namjibu kuwa mengi yaliyo muhimu hayana gharama. Mtoto aketi ukutani, ambako atasikia kelele za upande mmoja tu, mbali na mlango na mbali na harufu ya vyoo. Kwa kuwa umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, taa ndefu za tyubu za mtindo wa zamani hupepesa mara 100, na wapo wanaoumwa kichwa kwa hilo. Mchana, dirisha likifunguliwa, taa hizo zizimwe. Kabla ya kengele kupigwa, au kabla ya ngoma ya gwaride kuanza, aambiwe, kwa maana sauti inayotazamiwa huuma kidogo kuliko ile ya ghafula. Atumwe kupeleka madaftari ofisini wakati mwili wake unapoanza kuchachawa. Vifunika masikio, akiwa navyo, avivae penye kelele kubwa na kuvivua zinapokwisha, kwa kuwa wataalamu wengi huasa visivaliwe kutwa, sikio lisije likazoea ukimya likazidi kuwa kali. Wala asilazimishwe kumtazama mwalimu machoni. Wapo wanaosikiliza vizuri zaidi wakitazama sakafu. Hayo hayo yanafaa katika harusi, katika khitma na kanisani: afike mapema kabla umati haujajaa, aketi karibu na njia ya kutokea na mbali na spika, na ajue tangu nyumbani kuwa ana ruhusa ya kutoka.

Watoto hawa hukua, na wakiisha kukua hakuna anayewauliza tena juu ya kola wala juu ya kelele. Mtu mzima mwenye usonji aliyeajiriwa dukani au afisini hutumia nguvu zake nyingi kuficha maudhi, akafika nyumbani hana hata neno la kumwambia mkewe, naye akadhaniwa kuwa na kiburi. Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji aliyepata kuwa profesa wa elimu ya wanyama, alipokuwa kijana aliona katika shamba la ng'ombe la shangazi yake huko Arizona jinsi ng'ombe walivyotulia wakibanwa mbavuni na kizimba, akajiundia mashine ya kujibana mwenyewe, nayo ikamtuliza. Si kila mtu atajiundia mashine; lakini mwajiri aweza kumruhusu mtu kuhama kutoka penye printa na jenereta, kuvaa kofia chini ya taa kali, na kula chakula chake peke yake bila kuulizwa kulikoni.

Imebaki kusema ukweli juu ya tiba yenyewe, kwa kuwa wauzaji wake ni wengi na ahadi zao ni kubwa. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilionya kuwa ushahidi wa tiba ya kuoanisha hisia ni mchache, kikashauri wazazi wawekewe muda na njia ya kupima kama inafaa. Na utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliofanywa Wales na Uingereza juu ya watoto 138 wenye usonji, haukuona kuwa vikao vya tiba hiyo kliniki viliwazidishia nafuu kuliko huduma za kawaida. Kwa hukumu yangu, hayo hayabatilishi kazi ya mtaalamu, yanaielekeza. Kuondoa maudhi, kupanga siku, kumfundisha mtoto kuomba mapumziko kabla hajalipuka, haya yanaonekana kwa macho na faida yake hupimika nyumbani. Anayeahidi kuuponya usonji kwa pembea aachwe na pembea yake.

Wataalamu wa tiba kazi ni wachache, ingawa wanafundishwa KCMC huko Moshi na katika chuo cha KMTC nchini Kenya, na wapo katika hospitali kubwa kama Muhimbili. Familia nyingi za vijijini zitaonana nao mara moja au mbili tu kwa mwaka. Kwa hiyo safari hiyo isipotee bure. Chukueni daftari, na shati linalomliza, na jina la chakula anachokikubali. Ombeni lengo moja mtakaloliona nyumbani baada ya wiki chache, na njia ya kulifikia kwa vitu mlivyo navyo. Na anayemwogesha, kumlisha na kulala naye, awe bibi, awe shangazi, awe dada wa kazi, ndiye aandamane na mtoto na kuingia naye chumbani kwa mtaalamu, hata kama itambidi baba abaki nyumbani kwa ajili ya nauli.